Ubao wa Tatu Kutoka Mkukuni

Kila asubuhi kazi ilikuwa ileile. Mimi napandisha tanga, binti yangu anakomba maji kwa kopo la rangi, kisha anahesabu vichwa. Wanafunzi kumi na mmoja, na yeye wa kumi na mbili. Hesabu ikitimia anaketi kwenye usukani, ananiambia, "Twende, nahodha," nasi tunavuka ghuba kwenda shuleni ng'ambo.

Kivuko tuliahidiwa tangu mama yake yu hai. Mama yake hayupo tena, na kivuko nacho hakijaonekana. Wakubwa walikuja, wakapima maji, wakapiga picha, wakaondoka. Basi watoto wa upande wetu wanavuka kwa mashua yangu. Mimi niliishia darasa la nne, ndiyo maana sitaki wao wakose.

Binti yangu watu walimwita Injinia. Redio ikikohoa, anaifungua. Baiskeli ikigoma, anaipindua matairi juu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na usukani aliujua kuliko vijana wengi wenye ndevu.

Muhula ulipokaribia kuisha, maji ndani ya mashua yalizidi. Makopo kumi ya asubuhi yakawa thelathini. Nilidhani ni uzee, maana hata magoti yangu siku hizi hayana uhakika. Nikaamua kwamba likizo hiyo mashua ipandishwe nchi kavu, itengenezwe, na irudi majini kabla shule haijafunguliwa. Tulikuwa na wiki tatu tu.

Jambo ambalo mimi sikulijua, ninyi nawaambia mapema. Wiki chache nyuma, Injinia aliichukua mashua peke yake, bila ruhusa, akaigonga mwambani. Maji ya bahari yalipokupwa aliuona ufa. Ulikuwa kwenye ubao wa tatu kutoka mkukuni, yaani kutoka ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua nzima. Aliuziba kwa nta ya mshumaa, akapaka rangi ya bluu iliyobaki, akanyamaza. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba siku atakayoigusa mashua bila mimi, usukani hataushika tena.

Tulianza na karakana ya serikali, kwa kuwa ilikuwa karibu. Ilikuwa na lango la chuma, sakafu ya saruji na feni ofisini. Meneja hakuinuka kitini.

"Mzee wangu, hiyo ni kazi ya siku tatu. Tunaisugua, tunapiga rangi, inang'aa kama bibi harusi."

"Huji kuiona kwanza?"

"Ya nini? Mashua ni mashua tu."

Nje nilisimama kuitazama mashua moja iliyokuwa imepandishwa. Gadi, zile nguzo za kuegemeza ubavu, zilikuwa nne tu. Niligusa moja kwa kidole, ikacheza.

"Baba, tuilete hapa," Injinia akasema. "Sakafu yao safi."

"Mashua yetu haitembei sakafuni."

"Na ni siku tatu tu, baba."

Nilishangaa. Mtoto anayefungua redio ili aone mdudu gani kaingia, leo hataki chombo chetu kifunguliwe.

Kesho yake tulikwenda kwa Bi Nyundo, fundi wa mashua, kule barabara inakoishia. Karakana yake ilikuwa paa la mabati juu ya mchanga. Lakini kila mashua ilisimama juu ya gadi nane, kila gadi na kabari yake, na misumari iliyong'olewa ilikuwa imepangwa makoponi kwa urefu. Mlangoni ulining'inia ubao mweusi wenye tundu.

"Huo wa nini?" nikauliza.

"Hicho ndicho cheti changu," akasema, bila kucheka. Alikuwa mama wa makamo mwenye viganja vipana, penseli kaichomeka kwenye kilemba. "Mashua yako siipandishi kabla sijaisikiliza. Nitakuja kesho, maji yakikupwa."

Njia nzima ya kurudi Injinia alitembea mbele yangu, haraka.

Bi Nyundo alikuja kweli, kwa miguu. Mashua ilikuwa imelala ubavu mchangani. Alitoa nyundo ndogo ya mbao. Nikanyoosha mkono kuipokea, lakini yeye akampa binti yangu.

"Shika, Injinia. Wewe gonga, mimi nisikilize. Ubao mzima unalia ko. Ubao mgonjwa unalia pu."

Akaweka shavu juu ya mbao, akafumba macho. Nimeishi na mashua miaka mingi na sijapata kuona fundi akiitegea sikio namna ile, kama daktari na kifua cha mtoto.

Ko. Ko. Ko. Walianza nyuma wakija mbele. Mara mbili alisema, "Hapa pamba ya maungio imelegea," akatia alama ya chaki. Walipofika katikati, Injinia akaruka ubao mmoja.

"Umeruka," Bi Nyundo akasema, macho bado kayafumba.

"Mkono umechoka, mama."

"Basi pumzika. Maji hayarudi hadi alasiri."

Akaketi mchangani. "Ule ubao wa mlangoni kwangu, niliupigilia mimi kwenye mashua ya watu, nikiwa bado najifunza kazi. Niliona una jicho bovu, lile fundo la tawi. Nikaogopa kwamba fundi wangu atanifukuza, nikanyamaza. Jicho likachomoka, mashua ikazama palepale ilipofungwa. Bahati yangu haikuwa na mtu. Nilikwenda kwa fundi nikamwambia ni mimi. Hakunifukuza. Alinipa ule ubao, akasema niutundike mahali nitakapouona kila siku."

Kisha akauliza, kwa sauti ileile, "Huo ulioruka, juu yake hukaa nani?"

Injinia akautazama ule ubao. "Yule mdogo wa darasa la kwanza."

"Anajua kuogelea?"

"Hajui."

Injinia aliinua nyundo mwenyewe, akagonga. Pu.

"Ni mimi, baba," akasema. "Niliichukua bila kukuambia, nikagonga mwamba."

Maneno makali yalikuwa yameshanifika ulimini. Bi Nyundo alinitazama mara moja tu, nikayameza. Fundi alikwangua rangi, nta ikatoka vipande vipande, kisha kisu kikazama kwenye ule ufa hadi katikati. Nikamkumbuka meneja wa feni na rangi yake ya siku tatu.

"Karakana nimeshachagua," nikasema.

Siku ya maji makubwa watu kumi na wanne waliivuta mashua juu ya magogo yaliyopakwa mafuta. Bi Nyundo alitembea mbele akiwaongoza kwa kiganja tu, bila kupaza sauti, na mashua ikapanda taratibu kama mtu mzima anayepanda ngazi. Ubao mbovu ulitolewa. Mpya ulilainishwa kwa mvuke hadi ukakubali kupinda, ukaingia mahali pake hata ukucha usipite. Injinia alikuwa pale kila siku, akisugua na kujaza pamba kwenye maungio. Hiyo ilikuwa nusu ya adhabu yangu. Nusu nyingine ilikuwa usukani: mwezi mzima asiuguse.

Siku ya kuishusha, Bi Nyundo alimpa Injinia kipande cha ule ubao mbovu, nta bado imeganda ufani.

"Cheti chako hicho," akasema. "Kosa ulilolisema, tumelitengeneza sote, na limekwisha. Ungelinyamazia, lingebaki chini ya mtoto wa watu. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

Shule ilipofunguliwa, kopo lilikuwa kavu. Injinia alihesabu vichwa, akaenda kuketi katikati, juu ya ubao wa tatu, kando ya yule mdogo. Usukani niliushika mimi.

Maisha yangu yote nimeona wakubwa wakikosea kisha wakitafuta wa kumsingizia. Hata mmoja sijamsikia akisema, "Ni mimi." Nililisikia neno hilo kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mchangani, nyundo mkononi. Mwezi ukiisha, usukani ni wake.