Mtoto Amekwenda kwa Shangazi

“Bibi, hapo hakusema hivyo.”

“Hakusema nini?”

“Hakusema mtoto amekwenda kwa shangazi yake.”

Mjukuu wangu alikuwa amekaa mkekani, mgongo ameuegemeza kwenye magoti ya babu yake, macho kwenye runinga. Ilikuwa ile tamthilia ya Kituruki ya tajiri wa mazulia na mkewe mshonaji. Wameirudia mwaka huu, na mimi nilifurahi kama niliyeletewa mgeni, maana zamani niliitazama yote na mume wangu. Basi nikawa namsimulia huyo binti kila jambo kabla halijatokea, mpaka ananiambia ninamharibia utamu.

“Haya, kasema nini?”

Binti akasita. “Pale chini wameandika, mtoto wetu amekufa.”

Nikamgeukia mume wangu kwenye kiti chake. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Niwaeleze kidogo ndio mtatuelewa. Mume wangu alikuwa mpiga chapa, amezeekea kwenye mashine za kuchapa vitabu, na maandishi kwake ni kama maji ya kunywa. Mimi shule niliiachia darasa la tatu. Kiswahili nasoma, polepole, kidole chini ya mstari. Kiingereza kwangu ni michoro. Na tamthilia hizi watu wanazungumza kwa lugha za kwao, Kiingereza kinapita chini mbio kama panya aliyeona paka. Kwa hiyo alinisomea yeye, miaka yote ya ndoa yetu tangu runinga iingie ndani. Hakusoma tu, aliigiza. Mama mkwe wa Kihindi alimtolea sauti ya puani. Daktari wa Kikorea alimpa sauti ya mtu mwenye njaa. Wale pacha wa Kimeksiko, mwema alisema taratibu na mbaya akakohoa kwanza, ili nisiwachanganye.

Kisha kiharusi kikaja. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, kikamwachia neno moja tu. Ndiyo. Unaumwa? Ndiyo. Unataka chai? Ndiyo. Hutaki chai? Ndiyo.

“Labda wameibadilisha,” nikamwambia binti.

“Picha ni ile ile, bibi.”

“Hebu nitafutie ile ya Kikorea. Ya mpishi na daktari. Yule mtoto wa mpishi mwenye kofia ya njano.”

Akahangaika na simu yake. Nilimwona anasoma, kisha anasoma tena.

“Naye amekufa, bibi. Hospitalini.”

“Si alipelekwa kwa shangazi?”

“Huyo hata shangazi hana.”

“Na mdogo wa wale pacha?”

Akaizima simu na kuifunika mapajani.

Nilikumbuka siku moja nilimwuliza mume wangu, “Baba watoto, hivi dunia nzima kila nyumba ina shangazi wa kuchukua watoto?”

“Shangazi ni mtu muhimu, mama.”

“Na mbona hawawarudishi?”

“Shule za huko ni ndefu.”

Na mimi nikaamini. Nikawa nawaombea heri watoto wa Kituruki waliokwenda shule ndefu.

Niliinuka, nikasimama mbele yake. “Ulikuwa unanidanganya?”

“Ndiyo.”

Neno lile nilishalizoea, lakini siku hiyo lilinichoma.

Kosa langu ni kumsimulia wifi yangu. Mdomo wa yule mama hauna breki. Nilimpigia nikitaka anicheke yaishe. Hakucheka.

“Wifi, huyo ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, na ninakwambia hivi. Mwanamume anayekutungia maneno umekaa ubavuni pake, unafikiri alipokuwa anachelewa kurudi kutoka kazini alitunga nini?”

“Alikuwa anachapa vitabu vya shule.”

“Vya shule. Haya. Na hao mashangazi wa Kituruki, mbona mimi shangazi wa kweli sikualikwa?”

“Wifi, usinitie wazimu.”

“Sikutii. Muulize.”

Sikuwa nimeiweka simu mezani vizuri, ujumbe ukaingia. Niliusoma mwenyewe, kidole chini ya mstari: “MUULIZE, WIFI, KABLA HAJAONDOKA NA SIRI YAKE MOYONI.”

Asubuhi yake nilikuwa namkanda mkono mbovu kwa mafuta ya moto. Ni kazi ya kila siku, unaanza begani unashuka mpaka kwenye vidole, kimoja kimoja, na vidole havikusaidii. Nilifika kwenye kidole cha pete.

“Baba watoto.”

“Ndiyo.”

“Kulikuwa na mwanamke mwingine?”

“Ndiyo.”

Chupa ya mafuta ilinitoka mkononi. Binti akaja mbio kutoka jikoni, akatukuta tunatazamana huku mafuta yanatambaa sakafuni.

“Bibi, kuna nini?”

“Anasema alikuwa na mwanamke.”

“Si mimi huyo? Umesahau kwamba sisi ni wake wenza?” Ndivyo tunavyotaniana, yeye humwita babu yake mume na mimi ananiita mke mwenza. Siku hiyo sikucheka. Akachuchumaa, akaanza kufuta. “Bibi, anasema ndiyo kwa kila kitu. Muulize kama wewe ni ng’ombe.”

“Sitaki upuuzi.”

“Muulize tu.”

“Mimi ni ng’ombe?”

“Ndiyo,” akasema mume wangu.

Binti aliangua kicheko. Mzee naye akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima, na mimi nikajikuta nacheka, mafuta mpaka kwenye viwiko. Kicheko kilipokwisha nikamwuliza kwa sauti ya chini, binti asisikie.

“Unanipenda?”

“Ndiyo.”

Lakini ilikuwa ndiyo ile ile aliyompa ng’ombe. Ningeipima kwa kitu gani? Mtu nimelala naye ujana na uzee wangu, jibu ninalolitaka limo ndani yake, na hakuna mlango wa kulitolea. Ningemkasirikia, hana la kujitetea. Ningemsamehe, sijui ninasamehe nini.

Siku zilizofuata nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza kitandani, na mengine sikumpa. Mchana tamthilia ikianza nilikaa kiti cha mbali, karibu na mlango. Alikuwa ananyoosha mkono wake mzima kwenye kiti changu cha zamani, anaupapasa mto, anaurudisha mkono.

Binti akaniambia, “Bibi, rudi ukae hapa.”

“Hapa pana hewa.”

“Mume wetu anakutafuta.”

“Mwambie nimekwenda kwa shangazi.”

Akanigeuzia mgongo. Alikuwa na haki.

Tukaendelea kutazama. Siku hiyo yule mshonaji wa Kituruki alikuwa amekaa kwenye kitanda kidogo, amekumbatia kiatu cha mtoto. Mumewe, tajiri wa mazulia, amesimama mlangoni. Mjukuu wangu akakohoa kidogo, akaanza kusoma.

“Anasema, waliponirudishia nguo zake zilikuwa bado...”

“Ndiyo,” akasema mume wangu.

“...zilikuwa bado zina harufu...”

“Ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.”

Sauti ikapanda. Sijapata kumsikia hivyo tangu augue. Akaitupia mkono rimoti, ikaanguka, ikavingirika chini ya meza. Binti alikuwa bado anasoma, hajaelewa, na mzee akainama mpaka nikaona atadondoka, akamziba mdomo kwa kiganja. Hakumziba kwa nguvu. Ilikuwa kama unavyomziba mtoto anayetaka kusema jambo mbele ya mgonjwa.

Na macho yake hayakuwa kwenye runinga. Yalikuwa kwangu, kule mlangoni.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Tulikuwa na mtoto kabla ya hawa waliotuletea wajukuu. Wa kike. Alianza kutembea, akaumwa, tukamzika. Baada ya hapo sikusema na mtu. Nilipika, nilifua, mdomo nimeufunga, na nyumbani hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake. Ndipo mume wangu alipokuja na runinga amejitwika begani ndani ya boksi, akasema nyumba inahitaji sauti za watu. Hadithi ya kwanza kabisa tuliyoitazama ilikuwa na mtoto mgonjwa. Nikafungua mdomo, neno la kwanza tangu mazishi.

“Atapona?”

Yeye alikuwa anasoma yale maandishi ya chini.

“Anakwenda kwa shangazi yake,” akasema. “Kule hewa ni nzuri.”

Kumbe aliyasoma yote peke yake. Kila mtoto wa Kikorea, wa Kihindi, wa Kimeksiko, alimzika kimya kimya mimi nimemwegemea begani, nakula karanga, nauliza shule za huko zinafungwa lini.

Niliinuka, nikarudi kwenye kiti changu. Nikautoa mkono wake kwenye mdomo wa binti, nikauweka mapajani pangu.

“Bibi, nisome au nisisome?”

“Subiri, mke mwenzangu.”

Nikamgeukia mume wangu. Nilitaka apumzike. Nilitaka ajue kwamba naweza kusikia, kwamba nimezeeka vya kutosha. Nikalisema kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yangu.

“Baba watoto. Mtoto wetu alikufa.”

Nikaingoja ndiyo yake.

Haikuja. Midomo ilijikusanya. Mtu asemaye ndiyo kwa chai na kwa ng’ombe, hapo alikataa. Machozi yalimshuka mashavu yote mawili, hata lile lililokufa.

Nilimfuta kwa upande wa kanga. Nilimfuta tena. Hayakukoma, na sikuwa na dawa nyingine.

“Haya, mume wangu, nyamaza,” nikamwambia. “Amekwenda kwa shangazi yake.”

“Ndiyo,” akasema.