Mti Ulioahidiwa Mtoto

Kile kiti kilianza kuyumba asubuhi, watu wakiwa wanakula. Kilikuwa kiti cha mzee wa baraza, kipana na kizito, miguu yake minne imekaa sawasawa juu ya sakafu ya udongo, na hakuna mtu aliyekikalia. Kikaenda mbele kidogo, kikarudi nyuma kidogo, kikatulia. Neshuri akasema labda panya wamechimba chini yake. Mumewe, Kaldo, aliyekuwa amekipa mgongo akichovya kiazi kwenye chumvi, akasema kama ni hivyo panya wa nyumba hii wana nguvu kumshinda yeye, akacheka peke yake.

Neshuri hakucheka. Alijua kiti kile kimetokana na nini, na katika nyumba ile alikuwa peke yake anayejua.

Watiruni, watu wa kijiji kile, hawaangushi mti kama mtu anavyong'oa muhogo. Unakwenda na shahidi, unaegemeza shavu kwenye gome, unautajia mti kitu utakachokuwa: mlango, mtumbwi, mpini. Kisha unangoja. Jani likidondoka bila upepo, mwenye shina, yule jini anayeishi ndani ya mti, amekubali, na tangu hapo ni lazima mti ule uwe kile ulichoambiwa na si kingine. Aliyeomba mpini akachonga mwiko amemtukana mwenyeji wake. Na katika miti yote hakuna mgumu kama msuvi, ule wenye utomvu mweupe kama maziwa. Watu wameuomba milango tangu enzi za mababu na haujawapa hata jani bovu. Ombi moja tu haujawahi kulikataa, nalo ni susu la kumlazia mtoto.

Kabla ya kiti kile, Kaldo aliitwa kuwa mzee wa baraza, na kila mzee huja na kiti chake. Yeye alikwenda na kigoda cha mti laini, kikavunjika chini yake mbele ya wazee wote, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe. Kaldo alicheka nao. Jioni alikaa nyuma ya nyumba akitazama mikono yake, na Neshuri akamchungulia dirishani moyo ukimuuma, kwa sababu alikuwa ameolewa miaka mingi na hakuwa amemzalia, na sasa mume wake hakuwa na mtoto wala kiti.

Basi akaenda kwa msuvi na Bibi Hurene, mlinzi wa miti, akiwa shahidi. Akaweka shavu kwenye gome, akasema ana mimba na anaomba susu. Halikudondoka jani moja. Yalimwagika majani mengi, yakamjaa mabegani na kwenye nywele, kama vile mti ule ulikuwa ukingoja kwa hamu kuombwa. Neshuri aliona aibu hapo hapo. Lakini alishafika mbali, akaona kurudi ni kazi kuliko kuendelea.

Mti ulipoangushwa na kupasuliwa, mbao alizipeleka ng'ambo ya kilima kwa fundi wa watu wa tambarare, wasiozungumza na miti. Akamwagiza kiti na akipake masizi, kisha akamwambia Kaldo kimenunuliwa huko. Alidhani uongo wake umeishia hapo. Hakumjua vizuri Bibi Hurene, ambaye siri ikimwingia sikioni haichelewi kutokea mdomoni. Habari za mimba zilimfikia Kaldo shambani. Alikuja mbio, matope magotini, akaweka kichwa tumboni kwa mkewe akalia kwa furaha. Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema. Neshuri alimshika kichwa, akamfuta machozi. Kesho yake akaanza kujifunga matambara tumboni.

Ukaja msimu wa jua dogo, wakati lile kubwa linapojificha nyuma ya mlima na adhuhuri inakuwa ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Velai, dada yake Kaldo, akaja na mtoto wake mchanga, Imu, ili amsaidie wifi yake mjamzito kazi za nyumbani. Velai alikuwa mtu wa utani.

"Wifi, tumbo lako halina haraka," alisema akimenya viazi. "Huyo kamrithi baba yake. Atachelewa mpaka kuzaliwa."

Neshuri alicheka vile alivyotakiwa acheke. Nyuma yao kiti kikalia, kwii, kikanyamaza.

Kisha ikaja harufu. Mwanzo Velai alidhani ni maziwa yake yamemwagika kwenye nguo, akabadilisha nguo, na harufu ikabaki, tamu, ya maziwa mabichi na majani yaliyopondwa, ikawa nzito zaidi karibu na kiti. Baada ya harufu ikaja sauti ya mtu anayeimba huku amefunga mdomo, ileile sauti ya mama anayembembeleza mtoto, na ukiitafuta uvunguni inatoka darini, ukiitafuta darini inatoka uvunguni, na ukisimama ukakata tamaa unaisikia iko sawa na kifua chako. Na siku moja adhuhuri, wanawake wote wawili wakiwa uani wanaanika nguo zisizokauka, kiti kikaanza kulia ndani, kwii, kwii, bila kupumzika, kwa mwendo uleule wa mkono unaobembeza susu, na Velai akaingia mbio akakuta mkeka wa mtoto mtupu, na mtoto yuko juu ya kiti, amelala fofofo, na mikono ya kiti, ile mikono migumu ambayo Kaldo alikuwa akiisifia kwa unyoofu wake, imepinda kwa ndani ikamzunguka, na midomo ya mtoto ni myeupe kwa kitu kilichokuwa kikichuruzika hadi shingoni.

"Wifi," Velai alinong'ona, "nani kamweka huku?"

"Si mimi."

"Kaldo yuko shamba."

"Najua."

Velai alimnyakua mwanawe, akampa ziwa. Mtoto akageuza uso. Alikuwa ameshiba.

Tangu siku hiyo Imu hakunyonya kwa mama yake. Hakulia pia. Walimhamishia chumba kingine, na kila walipompa kisogo walimkuta kitini. Ngozi ya visigino vyake ilianza kukauka na kuwa na mifereji kama gome. Neshuri alikuwa akivisugua visigino vile kwa mafuta asubuhi na jioni, na kila aliposugua alijiambia kwamba leo atasema, halafu anamwona Kaldo akija na kuni, akilitabasamia tumbo lake, na maneno yanarudi chini. Aliona aibu ya uongo, na aibu kubwa zaidi kwamba alikuwa akipima maisha ya mtoto wa mwenzake na heshima yake mwenyewe.

Aliyekwenda kumwita Bibi Hurene ni Velai. Bibi kizee aliingia, akanusa, akakwangua masizi kwa ukucha. Tone jeupe likatoka kwenye mbao zilizokauka miezi mingi. Akawatuma wengine nje, akamtazama Neshuri usoni, kisha tumboni.

"Huu ni ule msuvi," alisema polepole. "Mwanangu, mwenye shina amekuja kulea. Uliahidi mtoto, na hapa mtoto ni mmoja tu. Asipoambiwa ukweli atamchukua huyo."

"Nimwambie tukiwa mimi na wewe tu, Bibi? Alfajiri, kabla watu hawajaamka?"

"Ulimdanganya mbele ya shahidi, na shahidi alikuwa mpumbavu, akatangaza. Sasa wote ni mashahidi. Utamwambia mbele yao."

Kijiji kizima kilikwenda kwenye kisiki cha msuvi, chini ya lile jua dogo. Velai alimbeba Imu aliyekuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kaldo alibeba kiti, maana hakuna mwingine aliyekubali kukigusa, na alikuwa bado hajui siri ya mkewe. Neshuri akapiga magoti, akaweka shavu kwenye kisiki. Kilikuwa cha moto. Akasema kwa sauti kwamba hana mimba, hakuwahi kuwa nayo, na kwamba mti uliombwa susu ukafanywa kiti ili mumewe asichekwe. Kisha akafungua kanga. Matambara yakaanguka chini.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kaldo alitua kiti. Akainama, akaokota matambara moja moja, akayakunja vizuri, akamrudishia mkewe mkononi bila kumwangalia. Ndipo Imu akatapika utomvu, akalia kilio kikali cha njaa, na Velai akakaa palepale chini akamnyonyesha.

Hukumu ya Bibi Hurene ilikuwa fupi. Kiti kikavunjwa, kikachongwa susu, kama ilivyoahidiwa. Kaldo anakaa chini barazani mpaka leo. Na Neshuri, kila jioni, analiweka susu mlangoni, mlango wazi, analibembeza likiwa tupu ili mti ujue umepewa kazi yake. Watu wanapita, wanasalimia, wanaangalia pembeni. Watoto wanauliza mama zao maswali, wanafinywa.

Jioni moja chungu kilichemka kikafurika jikoni, Neshuri akaacha susu akakimbilia moto. Alipogeuka, susu lilikuwa bado linabembea. Akasogea taratibu, akachungulia. Ndani hakukuwa na kitu, ila kitambaa kilikuwa kimebonyea katikati, kibonyeo kidogo, chenye joto. Kilinuka maziwa. Akajigusa kifuani, nguo ilikuwa imelowa.

Alipaswa kumwita Bibi Hurene. Alijua hivyo. Akatazama njiani, hakukuwa na mtu, akalivuta susu ndani na kwa mara ya kwanza akafunga mlango.

Kaldo aliporudi alimkuta ameketi gizani kando ya susu, anaimba huku amefunga mdomo. Akamuuliza anamwimbia nani. Neshuri aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni, kwa sababu hakuwa na hofu hata kidogo, na kwa sababu tayari alikuwa amempa jina.