Mkono wa Babu Jilala

Kila asubuhi kabla ya shule, Leonia alimpelekea babu yake uji. Siku hizi alijaza bakuli nusu tu. Mkono wa kulia wa Babu Jilala ulitetemeka hata akiwa ameulaza pajani. Kijiji kizima cha Puge kilisema mzee amerudia pombe aliyoiacha zamani. Uongo mtupu!

Asubuhi moja baba mdogo Limbu alikuja na kibuyu cha wanzuki.

"Shikamoo, baba. Kunywa kidogo uzimue, mkono utulie. Na huo uso, mbona umenuna kila siku?"

Babu alipokea kibuyu, akainamisha kichwa kwa aibu.

Damu ikamchemka Leonia. Alikipokonya kibuyu, akakipiga chini, pombe ya asali ikatapakaa uwanjani.

"Hajalewa! Naishi naye, harufu ya pombe sijaisikia hata siku moja! Mnamzimua nini?"

"We mtoto, adabu yako iko wapi?" Limbu alifoka, mkono juu, tayari kumzaba kofi.

"Mwache," Babu alisema kwa sauti ndogo. "Hata baba yangu alitetemeka hivi hivi. Walimnywesha ili atulie, wakamcheka mpaka tukamzika."

Limbu alishusha mkono. Siku ileile wote watatu walipanda basi kwenda hospitali ya Kitete, mjini.

Daktari Julieth alimwambia mzee akunje na kukunjua vidole, kisha atembee.

"Huu si ulevi," alisema. "Ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Ndio unaotetemesha mkono na kukaza uso. Hata huzuni ninayoiona kwake huenda inatoka humo. Hauponi, ila dawa zinasaidia."

"Ni wa ukoo?" Limbu aliuliza, uso umemshuka. "Mimi nakunywa, na hasira zangu hazina breki."

"Baadhi ya familia hurithi vinasaba vinavyoongeza uwezekano wa kuupata. Kama vinasaba hivyo vinagusa pia huzuni na tamaa ya pombe, watafiti bado wanachunguza. Lakini kurithi uwezekano hakumaanishi ni lazima uugue. Pombe unaweza kuanza kuiacha leo, na tutakusaidia. Na mkimwona mtu anatetemeka, muulizeni anaumwa nini kabla ya kumhukumu."

Baada ya wiki kadhaa za dawa, mkono ulipungua kutetemeka. Leonia alijaza bakuli.

"Nisamehe kwa kibuyu, baba mdogo."

"Usiniombe msamaha," Limbu alisema. "Babu yangu yule aliyenyweshwa angekuwa na mtoto mkali kama wewe nyumbani, asingezikwa akiitwa mlevi."