Aliyekula Mkate wa Nguzo

Haya yalimkuta mama mdogo. Mimi nilikuwa palepale, nikimfulia mashuka ya mgonjwa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mama mdogo, fundi wa redio na vyombo vya muziki, alikuwa mezani akilehemu amplifaya kuukuu ya mumewe. Mume huyo alikuwa mpiga besi, na watu walimwita Nguzo, maana jukwaani hakutikisa hata kope. Sasa kiharusi kilikuwa kimemlaza, hasemi, hamtambui mtu. Hospitali walituambia tukae naye nyumbani. Sote tulielewa maana yake, isipokuwa mkewe.

"Akisikia sauti yake atarudi," alisema.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilimhurumia, nikaendelea kufua.

Mchana akaiwasha. Valvu, vile vichupa vya kioo vya mitambo ya zamani, vikaanza kuwaka taratibu, rangi ya makaa. Spika ikanguruma. Akachomeka gitaa la besi, akagusa uzi mmoja, na kidole cha Nguzo kikajikunja.

Mama mdogo alilia kwa furaha. Nami nikalia.

Alasiri Nguzo alikuwa ameketi kitandani, anatafuna mkate. Lakini kila tulipoizima amplifaya ipoe, pumzi ilimkatika. Basi tukaiacha iwake. Gitaa tulishalichomoa, ila mngurumo haukukoma. Ulipanda, ukashuka. Nilitega sikio. Ulikuwa unahema.

Transfoma ya amplifaya ikaanza kutoa moshi.

"Mama mdogo, itaungua."

"Acha iungue."

Ndipo spika iliponong'ona. Sauti ilikuwa ya Nguzo, naijua tangu utotoni.

"Mke wangu, zima. Huyo si mimi."

Tukageuka. Yule wa kitandani aliacha kutafuna. Alitutazama.

"Usizime," akasema, kwa sauti ileile.

Mama mdogo alishika swichi. Alinitazama mimi, mtoto wa dada yake, kana kwamba najua chochote.

"Ni yupi?" aliuliza.

Moshi ulijaa chumba. Spika ikamwita kwa jina la utani ambalo sikuwahi kulisikia; baadaye aliniambia Nguzo alimwita hivyo faraghani tu. Mama mdogo alifumba macho, akazima.

Tulimzika Nguzo kesho yake. Kinywani mwake waoshaji walikuta mkate mkavu, haukuwa umeloa hata mate.

Baada ya matanga nilifungua amplifaya niifute vumbi. Kwenye valvu moja kulikuwa na alama ya kidole. Nilisugua, haikutoka. Ilikuwa upande wa ndani wa kioo, mahali ambapo hata hewa haiingii. Juzi nilitazama tena, zikawa mbili. Moja nyembamba, kama vidole vya Nguzo. Nyingine pana, sijui ya nani.

Nilimwonyesha mama mdogo. Tangu jana yuko mezani, anafunga transfoma mpya.