Kituo cha Kwa Luhaga

Gladness Luhaga tulikuwa tunapakana naye uzio hapa Pasiansi, kwa hiyo haya sikuyaokota njiani. Watu wengine hufuga njiwa, wengine hukesha na mpira. Yeye ugonjwa wake ulikuwa ruti za magari. Ungemwamsha usingizini angekutajia vituo vyote toka Buhongwa hadi Kisesa bila kuruka hata kimoja, na angekwambia kipi kilihamishwa na kwa nini. Marehemu baba yake alikuwa dereva, labda ndiko alikourithi.

Kila Jumamosi saa nane mchana alikutana na wenzake wanne kwa Obedi, fundi anayepaka magari mistari ya rangi za ruti. Walikaa juu ya madebe ya rangi wakategeana vitendawili, na vyote vilikuwa vya ruti.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nikienda mjini ziwa liko kulia, nikirudi liko kushoto, na nikifika Kirumba naziba pua."

"Ruti ya Uwanja wa Ndege!" Gladness alidakia kabla mwenzake hajafunga mdomo, kisha akacheka peke yake mpaka wenzake wakachukia.

Sheria zao zilikuwa zile za utotoni, ila walizipinda kidogo. Watoto wakishindwa kutegua hutoa mji. Wao walitoa kituo. Mtegaji akishapewa kituo hujisifu: nimefika pale, nimepokelewa, nimekula, nimelala. Baada ya hapo ni lazima ataje jibu. Na kulikuwa na katazo moja: usitoe kituo anapolala mtu wa damu yako. Mzee Nkwabi ndiye aliyelileta, na walipomuuliza sababu alisema hata yeye hakuambiwa, alikatazwa tu na bibi yake, na alipouliza akapigwa kofi.

Miaka miwili mizima Gladness hakuwahi kutoa kituo. Alivyokuwa anajisikia kwa jambo hilo, Mungu amsamehe.

Jumamosi moja ya Februari aliingia uani kwa Obedi bibi mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Khanga zake zilikuwa safi, zimepigwa pasi. Walimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia kwa mkono tu, maana mdomo ulikuwa na kazi. Alikuwa anamung'unya dagaa. Hakuwa na jino hata moja. Kila baada ya muda alikitema kile kidagaa kwenye leso, akakitazama, akakirudisha mdomoni. Bernadeta, mwenzao anayekaanga chipsi barabarani, aliweka soda yake chini na hakuigusa tena.

"Na mimi nina ruti yangu," bibi akasema. "Kitendawili."

Walitazamana, wakacheka kwa adabu. "Tega, bibi."

"Ruti yangu fupi. Ndani giza, hata saa sita ya mchana. Abiria wanapanda wana sura zao, wanashuka hawatambulikani. Konda wake hana mfupa."

Obedi akajaribu Igoma. Bernadeta akajaribu Bwiru, kisha akaacha. Wote wakamgeukia Gladness. Alijaribu ruti sita, na kila aliyoitaja bibi alitikisa kichwa, ute ukining'inia kwenye kidevu.

"Nipe kituo," bibi akanong'ona.

Gladness alikasirika. Kushindwa kwa mara ya kwanza, tena mbele ya watu, tena na kibogoyo! Akataka angalau atoe kituo ambacho hakuna mwingine pale aliyekijua.

"Chukua Kwa Luhaga!"

Kituo hicho kiko Buswelu, ndani ndani. Makonda walikiita hivyo kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kujenga pale. Sasa mama yake alikuwa anaishi pale peke yake.

"Gladi, futa," Mzee Nkwabi alisema. "Futa sasa hivi. Toa kingine."

"Ni mchezo tu, mzee wangu."

Bibi alikuwa ameshafumba macho. "Nimefika Kwa Luhaga," akasema taratibu. "Nimeingia mlango wa nyuma, ule unaofungwa kwa kamba ya katani. Nimepokelewa. Nimekalia kitanda cha mwenye nyumba. Nimeletewa sahani ya kijani iliyobanduka ukingoni. Na mwenye nyumba, asante Mungu, ana meno."

Akasimama kuondoka.

"Jibu, bibi!" Obedi alimwita. "Hujatoa jibu!"

"Aliyetoa kituo atanifuata nalo. Akilipata, namrudishia."

Kwenye debe alilokalia palibaki ute mzito wenye magamba ya samaki. Obedi aliuosha kwa petroli mara mbili, na harufu haikutoka.

Gladness alipiga simu Buswelu jioni ile. Ilipokelewa. Hakusikia "haloo". Alisikia kutafuna.

Alipaswa kuondoka saa hiyo hiyo, hakuondoka. Mpaka leo anajilaumu kwa hilo na mimi simtetei. Alijiambia mama anakula, mtu akila ni mzima, akasubiri Jumapili baada ya ibada.

Ndani ya gari alimwambia konda, "Nishushe Kwa Luhaga."

"Kwa nani, dada?" Konda alikuwa yule yule aliyemshusha pale miaka yote. "Hicho kituo sikijui."

Alijishusha mwenyewe. Jua lilikuwa utosini. Kuku wa jirani walikuwa wamekusanyika barabarani, hakuna hata mmoja aliyeingia uani. Harufu ilimpokea kabla hajafika mlangoni: dagaa walioloa mvua wakaachwa, na chini ya hiyo palikuwa na nyingine, ya mdomo wa mgonjwa.

Mama yake alikuwa amekaa sakafuni jikoni. Pembeni yake kulikuwa na gunia la dagaa wabichi, wamelainika, nzi wamewafunika weusi tii. Alichota konzi, akatia mdomoni, akatafuna. Hakumeza. Alitema uji wa kijivu kwenye sahani ya kijani. Akachota tena.

"Mayu," Gladness alimwita kwa Kisukuma, kama alivyomwita tangu utoto. "Mayu, unafanya nini?"

"Namlisha mgeni wako." Mama alinong'ona, midomo imechanika pembeni. "Hana meno, masikini. Amesema wewe ndiye uliyempa hapa."

Uji ule ulikuwa na damu. Ulikuwa na kitu kigumu cheupe. Gladness akainama kutazama. Lilikuwa gego.

Alitapika palepale, kwenye gauni lake la ibada. Mama hakugeuka hata kumtazama. Aliburuta sahani mpaka mlango wa chumbani, akaisukuma kwenye giza. Ndani kukasikika kulamba. Kulamba kwa muda mrefu. Sahani ikarudi. Imelowa. Inang'aa.

"Inatosha, mayu. Tuondoke." Alimshika mkono. Ulikuwa mwepesi mno. Mama alikuwa ameisha, mbavu zinahesabika, kwa siku moja tu.

"Siwezi. Mpaka ashibe."

"Atashiba lini?"

Mama alichota konzi nyingine. Gladness alitaka kufumba macho, akashindwa. Aliona dagaa wakiingia, wazima, na macho yao. Aliona ulimi ukiwasukuma huku na huku, ukiwapanga. Aliona walivyotoka. Hawatambuliki.

Konda hana mfupa.

"Koo!" alipiga kelele. "Ni koo! Ruti ya mdomoni kwenda tumboni!"

Kulamba kukakoma. Nzi wote waliinuka kwa pamoja, wakatulia ukutani.

"Umepata," sauti ilinong'ona. Haikutoka chumbani. Ilitoka karibu zaidi, na Gladness hakuthubutu kutafuta ilikotoka. "Chukua kituo chako."

Aliingia chumbani na mwiko mkononi, ndiyo silaha aliyoipata. Hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani. Kitanda kilikuwa kimelowa katikati, na magamba yamejaa kwenye shuka.

Jumatatu makonda waliita Kwa Luhaga kama kawaida. Mama alilazwa siku tisa, akarudi na nuru yake. Anawakumbuka wajukuu wote kwa majina, anaimba nyimbo za kanisani, anagombana na jirani kuhusu kuku. Mgeni hamkumbuki kabisa. Ila hakubaki na jino hata moja mdomoni.

Na chakula hataki. Uji hataki, mchuzi hataki, maziwa anayatema. Hospitali walimwekea mpira wa kulishia, akauchomoa. Alikuwa anakufa, na Gladness alikuwa anaona. Mpaka siku moja, kwa kukata tamaa, alitafuna tonge la ugali na samaki mwenyewe, akalitema kwenye sahani, akamlisha mama yake kwa kidole. Mama akala. Akaomba lingine.

Sasa ndivyo wanavyoishi. Gladness alihamia Buswelu, na kwa Obedi hakanyagi tena. Mara tatu kwa siku anatafuna bila kumeza, na mara tatu kwa siku anatoka nyuma ya nyumba kutapika. Nilipokwenda kumsalimia nilimwonea huruma, na Mungu anisamehe, nilisikia kinyaa pia. Chai niliyokaribishwa sikuimaliza.

Siku ile nilikuwepo kwenye chakula cha saa kumi. Mama alimaliza tonge la mwisho, akalamba sahani ya kijani mpaka ukingoni, akafungua mdomo apanguswe. Juu ya ulimi palikuwa na gamba moja la samaki, bichi, linang'aa, na siku hiyo walikuwa wamekula maharage. Gladness alilitoa kwa kucha bila kushtuka. Nikajua halikuwa la kwanza.

Halafu mama akatabasamu kwa ufizi wake mweusi, akamtazama mwanawe.

"Kitendawili," akanong'ona.

Gladness alibana midomo kwa vidole viwili. Akachukua sahani, akatoka nje. Huwa anaulizwa hivyo kila siku, na kila siku haitikii. Lakini nilimwona alivyochoka, na neno la kuitikia ni moja tu.