Tumbo Langu na Sakafu ya Wifi

"Tokeni nje. Nyote. Acheni mikeka."

Nilisema taratibu, kwa sababu mle ndani niliogopa hata kupaza sauti.

Wenzangu waligeuza shingo kunitazama. Walikuwa wamelala kifudifudi, viganja sakafuni, tayari kuinua vifua.

"Wifi, kuna nini?" mwalimu akauliza.

Mwalimu wetu wa yoga ni dada wa mume wangu. Darasa lake liko ghorofani, juu ya duka ambalo mume wangu, mkandarasi, alikuwa analikarabati. Mimi ni mhandisi wa majengo. Shikeni hayo, ndugu wasomaji, mengine yatafuata yenyewe.

Wiki nzima tumbo lilikuwa linanikaza nikilala pale. Si njaa, si ugonjwa. Chini ya kitovu, kama mtu anakunja ngumi kwa ndani...

Nilipomwambia wifi, alifurahi.

"Hicho ndicho kiini cha mwili. Kisikilize, kinajua kabla ya kichwa."

"Tumbo langu linajua saa ya kula tu," nikamjibu.

Mimi naamini vipimo. Nilileta pimamaji, nikaiweka kila kona. Kiputo kikatulia katikati. Nikakagua kuta, sikuona ufa. Nyumbani nikamuuliza mume wangu wanafanya nini kule chini, maana mlango wa duka walikuwa wameuziba kwa turubai.

"Rangi na dari tu, mke wangu. Au siku hizi mhandisi anapima kwa tumbo?"

Nikacheka. Nilicheka, jamani...

Jumamosi asubuhi, lori likapita barabarani. Sakafu ikatetemeka, kama sakafu yoyote ile. Lori likaenda zake.

Sakafu ikaendelea.

Wifi, aliyekuwa amesimama, hakuhisi kitu. Mimi nilikuwa nimeilalia kwa tumbo. Hapo ndipo nilipojua tumbo lilikuwa linapima nini wiki nzima.

"Labda ni chai uliyokunywa," akatania nesi wa mkeka wa jirani, huku akianza kukunja vitu vyake.

"Acha mkeka, dada. Pita ukutani. Usikanyage katikati."

Akaniangalia usoni. Utani ukamwisha.

Tulishuka mmoja mmoja. Wifi alikuja nyuma, miguu mitupu, amenishika mkono hadi vidole vinauma. Ngazi zile sijawahi kuziona ndefu namna ile.

Wenzetu walipovuka barabara, nikainua pembe ya turubai. Sikuingia.

Nguzo ya katikati haikuwepo.

Zege lilikuwa limekatwa, nondo zinaning'inia juu. Mahali pake palikuwa na miti mitatu imesimamishwa. Mmoja ulikuwa umepinda kama upinde...

"Mwenye duka alitaka nafasi."

Ilikuwa sauti ya mume wangu, nyuma yetu. Alikuwa ameshika kofia yake ya kazi mkononi.

"Chuma kinaletwa Jumatatu," akasema. "Ni siku chache tu."

"Dada yako yuko juu kila siku."

"Ingeshika."

Nikamkumbuka binti yetu. Huwa tunakuja naye darasani. Wiki ile baba yake alimkataza, eti mtoto amechoka, abaki nyumbani.

"Kama ingeshika," nikauliza, "mtoto ulimzuia kwa nini?"

Akageuza macho barabarani.

"Na mimi je?"

Aliitazama kofia yake.

"Wewe ningekuzuia, ungeuliza kwa nini."

Wifi aliuachia mkono wangu. Akakaa chini pale pale, kando ya barabara, akimtazama kaka yake kama mtu asiyemfahamu.

Jengo limefungwa. Taarifa ya ukaguzi nimeiandika na kuisaini mwenyewe, na jina la mkandarasi limo. Mimi na binti yangu tunaishi kwa wifi.

Sasa mnaniandikia kwamba tumbo la mwanamke halidanganyi. Hapana. Tumbo si nabii. Ni kipimo ambacho bado hujakisoma. Likikukaza, usilidharau wala usiliabudu. Nenda ukaangalie kuna nini chini.

Na msilipatie sifa lisizostahili. Sakafu liliihisi ndani ya wiki moja. Ubavuni mwa mwanamume yule nimelala miaka kumi na miwili, na lilikuwa limetulia tuli.