Jumamosi Tuliyofungua Mapipa

Ndugu zangu wa Garissa, nayaandika haya ili nisije nikayasahau, nanyi msije mkasema hamkuambiwa.

Asubuhi ile ilikuwa shwari. Nilikuwa jikoni nikikaanga mikate ya anjera, na kaka yangu Gelle alikuwa uani akiosha Land Rover tuliyoachiwa na marehemu baba, gari lililotuzidi umri sote wawili. Kila Jumamosi gari hilo lilibeba mapipa manne ya maji hadi malishoni, mwendo wa saa tatu, alikokaa mama yetu Ardo pamoja na Shamso, mke wa Gelle, wakichunga mbuzi. Mvua ilikuwa imekosekana misimu miwili, na mbuzi hawakuwa na maziwa. Maji yao yalikuwa ni hayo tu.

Lakini siku hiyo chama cha wenye magari ya kale kilialikwa kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, nje ya mji. Wageni kutoka Nairobi walikuwa wameleta ndege nyembamba zisizo na injini, zinazovutwa na gari kwa kamba ndefu hadi ziinuke, kisha zinaelea zenyewe kwa upepo. Mwenyekiti wa chama, Abdihafid, alipitia kwetu.

"Gelle, gari zuri, ila linanuka mbuzi," alisema akicheka. "Na hayo mapipa? Tunakwenda kwenye maonyesho au kisimani?"

Gelle naye alicheka, lakini neno lile lilimchoma. Akachukua spana, akayafungua mapipa yote manne na kuyapanga ukutani.

"Na hooyo je?" nikamuuliza, nikimwazia mama.

"Abaayo Iftin, dada yangu, nimepiga hesabu. Maji ya wiki jana yatawafikisha hadi kesho. Siku moja tu, walaahi."

Sikubisha. Nami nilitaka kupanda gari linalong'aa.

Kiwanjani gari letu ndilo lililochaguliwa kuvuta ndege. Ya kwanza ilipoinuka bila mlio wowote, watu walipiga makofi na Gelle akatoa kichwa dirishani kama bwana harusi. Nilipiga picha.

Saa sita simu yangu ililia. Alikuwa Shamso. Alikuwa amepanda juu ya kichuguu ili apate mtandao.

"Mko wapi? Jana walikuja wasafiri watatu, na hooyo akawapa maji. Imebaki nusu dumu."

Hapo ndipo hesabu ya Gelle ilipokosea. Alihesabu watu wawili na mbuzi. Hakumhesabu mgeni, ilhali kwetu mgeni hunywa kabla ya mwenye nyumba, na mama hakuwahi kumnyima mtu maji.

Nilimkimbilia Gelle. Kamba ilikuwa tayari imefungwa.

"Mwambie niko njiani," akasema. "Navuta hizi mbili tu."

Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia Shamso, "Tuko njiani." Kisha chaji ya simu yake ikaisha.

Katika mvuto wa pili moshi ulitoka chini ya gari. Klachi ilikuwa imeungua. Gelle aliugonga usukani, akashuka, akaanza kuwasihi watu mmoja mmoja. Nilimwendea Abdihafid, nikamwita kama mtu anavyomwita ami yake.

"Adeer, tupeleke. Mama hana maji."

Aliitazama rangi mpya ya gari lake. "Miiba ya kule itanikwaruzia, binti yangu. Subirini fundi."

Tulipata gari la kukodi Jumapili asubuhi. Njia nzima Gelle alikaa nyuma. Alikuwa ameyashika mapipa kwa mikono miwili yasigongane.

Tulimkuta Shamso ameketi kivulini, midomo imepasuka. Kando yake mama alikuwa amelazwa, amefunikwa kwa shuka lake.

Gelle alimimina maji kikombeni, akapiga magoti. "Hooyo, nimefika. Kunywa."

"Amekwenda tangu alfajiri," Shamso akasema. "Mchana wa jana alipita mwanamke mwenye mtoto mchanga. Hooyo akampa nusu dumu yote. Nilimsihi abakize, maana mwenyewe hakuwa amegusa maji tangu wale wasafiri wanywe. Akaniambia, 'Mimi mwanangu yuko njiani. Huyu hana anayemjia.'"

Kikombe kikamponyoka Gelle. Mchanga ukayanywa yale maji mara moja.

Leo mapipa yamerudi mahali pake, na Gelle hakosi Jumamosi hata moja. Anampelekea Shamso maji, na Shamso huyapokea bila kumwangalia. Ile picha ninayo bado. Ndege iko juu, gari linang'aa chini, na nyuma yake pako wazi pale palipokuwa na mapipa.

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda sifa si kosa dogo. Makofi ya watu huisha kabla vumbi halijatua, lakini anayekutegemea yuko pale pale anakungoja. Usiondoe chombo cha maji ili gari lipendeze. Usipunje hesabu ya maji, kwa maana mgeni hapigi hodi siku moja kabla. Na usimwambie mtu "niko njiani" hali hujaondoka. Mama yetu hakuuawa na kiu peke yake. Aliliamini neno letu, akagawa maji yake ya mwisho.

Msomeeni Fatiha.